Pepa la Hisabati kidato cha nne: saa 3 zinaisha nikiwa swali la 9. Mazoezi niyapangeje?

KijanaWaUyole

Wakuu habari za jioni. Narisiti Hisabati mwezi wa 11 kama mtahiniwa wa kujitegemea, kituo kipo hapahapa Mbeya. Nikipewa swali mojamoja bila kuharakishwa, mengi nayatoboa. Shida ni pepa zima. Nikikaa na pepa la nyuma, saa 3 zinakata nikiwa swali la 9, siku nzuri la 10, na Sehemu B yenye alama 40 inabaki nyeupe. Matokeo yaliyopita nilipata D.

Mchana nipo dukani Mwanjelwa. Nasoma saa 2 usiku mpaka saa 4, na Jumapili mchana niko huru. Naomba mnisaidie haya:

1. Nianze kujipima kwa saa sasa hivi, au nimalize mada zote kwanza?
2. Swali moja nilipe dakika ngapi?
3. Nianzie Sehemu A au B?

Kuna mwenzangu ananiambia nikariri njia tu, spidi itakuja yenyewe. Mbona haiji?

---

MwlWaTukuyu

Haiji kwa sababu spidi nayo inafundishwa, kama mada nyingine. Tuanze na hesabu ya muda wenyewe.

Alama 100, dakika 180, maswali 10 ya Sehemu A na 4 ya Sehemu B. Kila alama ina dakika 1.8. Swali la Sehemu A ni alama 6, kwa hiyo lina dakika 10 na sekunde 48. La Sehemu B ni alama 10, lina dakika 18. Ukigawa hivyo umemaliza dakika zote bila kubakiza ya kusoma pepa wala ya kurudia. Kaza kidogo: A dakika 10 kila swali, jumla 100. B dakika 16 kila swali, jumla 64. Zinabaki 16. Nne za mwanzo unasoma pepa lote, peni ikiweka alama ya vema (✓) tu pembeni ya maswali unayoyaona yako. Kumi na mbili za mwisho unarudi ulikoacha mapengo.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Usipime swali, pima kipengele. Swali la A kwa kawaida lina (a) na (b). Kipengele cha alama 3 kina dakika 5. Dakika ya 6 ikiingia na bado hujaona njia, acha nafasi ya nusu ukurasa, songa mbele. Anayengoja dakika 10 ziishe ndiyo akubali kwamba amekwama atakuwa ameshamnyima (b) muda wake wote, na mara nyingi (b) haitegemei (a) hata kidogo.

Wewe unafika swali la 9 au la 10 kwa dakika 180, yaani kila swali la alama 6 linakula dakika 18 hadi 20. Hiyo ni mara mbili ya bajeti, na huwezi kuipunguza kwa kujiambia "fanya haraka". Jua kwanza zinavujia wapi. Fanya jaribio hili usiku mmoja: chukua maswali 4 ya Sehemu A, piga mstari pembeni mwa karatasi, na kwa kila swali andika saa mara nne. Ulipoanza kusoma. Ulipojua njia. Ulipopata jibu. Ulipomaliza kuhakiki. Kisha soma ule mstari wa pembeni:

Kama kutoka kusoma hadi kujua njia kunazidi dakika 3, mada hiyo hujaimudu. Saa haitakusaidia chochote hapo, rudi kwenye mada.

Kama njia unaiona ndani ya dakika 1 lakini kukokotoa kunakula 10 au zaidi, mkono ndio mzito: sehemu, desimali, jedwali la logi, kuhamisha alama ya kutoa. Hili ndilo linalotibika haraka kuliko yote, na nina wasiwasi ndilo lako.

Kama unapata jibu mapema halafu unafuta na kuanza upya, tatizo lipo kwenye uandishi. Hatua mbili zimebanwa mstari mmoja, 1 inafanana na 7, alama ya kutoa imepotea njiani.

Kuhusu swali lako la kwanza: mada mpya isome bila saa. Ukishapata 4 kati ya 5 bila kuchungulia majibu, ndipo uiingize kwenye saa, na usianze na dakika 10. Anza na 15 kwa swali, ukizoea nenda 12, mwisho 10. Usahihi ukishuka chini ya 4 kati ya 5, rudi ngazi ya nyuma. Spidi yenye majibu mabovu haina alama.

Saa zako mbili za usiku zikate hivi: dakika 10 ukokotoaji mtupu, 48 maswali manne kwa ngazi ya dakika 12 (ukiwa ngazi ya 15, fanya matatu), 40 kusahihisha, zinazobaki mada mpya. Ndiyo, 40 za kusahihisha. Watu wanapiga maswali ishirini usiku mmoja, hawajui hata moja lilipokosewa, kesho wanakosea palepale.

---

Kalulu_Mafinga

Mwalimu amepiga kwenye mshono. Mimi niliguse swali lako la tatu, la kuanzia A au B, maana kila kijiwe kina fundisho lake.

Anayesema "anza na B, ina alama nyingi" hajapiga hesabu. Sita kwa dakika 10.8 na kumi kwa dakika 18 ni bei ileile ya alama kwa dakika. Sehemu haina maana. Cha maana ni maswali uliyoyawekea vema zile dakika 4 za mwanzo. Anza nayo, yawe A au B. Mpangilio wa mada pia haurukiruki sana: maswali ya mwanzo huwa namba, vipeo, logi na vipeuo, ya mwisho huwa takwimu, duara, umbali juu ya dunia, matriksi, na ile grafu ya masharti ya kutafuta faida kubwa. Ukipitia pepa tano za karibuni kwa macho tu, bila kusolvu, utajua namba zipi ni zako.

Na kwenye B kuna maswali ambayo ni utaratibu mtupu, hayataki ubunifu. Matriksi: tafuta ditaminanti, geuza, zidisha. Takwimu: chora jedwali la marudio, jaza safu, jumlisha, gawa. Umbali juu ya dunia ndiyo rahisi kuliko yote, watu wanaiogopa bure. Tuseme Mbeya na Kilwa zote zipo latitudo 9° Kusini, moja longitudo 33° Mashariki, nyingine 39°. Tofauti 6°. Umbali wa kufuata latitudo ni 6/360 × 2 × 3.14 × 6400 × kosaini ya 9° (6400 ni nusukipenyo cha dunia kwa kilomita). Kosaini kwenye jedwali ni 0.9877. Kata kwanza: 6/360 ni 1/60. Inabaki 40,192 × 0.9877 ÷ 60, kama kilomita 662. Mistari mitano. Anayezidisha kwa 6 halafu ndiyo agawe kwa 360 anajitwika tarakimu ambazo hazina kazi.

Sasa kidogo niwe mkali, nisamehe. Ukimaliza maswali 9 ya Sehemu A yakiwa sahihi yote una alama 54. D inaishia 44, C inaanza 45. Kwa hiyo kama siku ya mtihani ulifika hapohapo unapofika nyumbani, alama zisizopungua 10 zilipotea ndani ya maswali uliyoyafanya. Usilaumu saa peke yake.

---

KijanaWaUyole

Kaka Kalulu hiyo ya mwisho imeniuma lakini ni kweli. Nimefanya lile jaribio la Mwalimu la kuandika saa pembeni. Njia naiona mapema. Swali la logi kukokotoa peke yake kumekula dakika 13, na nikakosa.

---

Dada_Njombe

Logi, hapo nipo. Karibu kila anayechelewa kwenye logi anachelewa sehemu moja: namba ndogo kuliko 1, zile ambazo logi yake ina mstari juu, hasa ukifika kugawa.

Chukua kipeuo cha tatu cha 0.0348. Nukta inasogea mara mbili kufika 3.48, kwa hiyo namba ya mbele ni 2 yenye mstari juu, yaani hasi 2, desimali ikibaki chanya. Kwenye jedwali, mstari wa 34, safu ya 8, unapata 5416. Logi yako ni 2 (mstari juu).5416. Sasa unatakiwa ugawe kwa 3. Hapa ndipo watu wanagawa 2.5416 kwa 3 kana kwamba ule mstari ni pambo, wanapata 0.8472, jibu linatoka 7 na kitu. Kipeuo cha tatu cha namba iliyo chini ya 1 hakiwezi kuzidi 1, lakini nani anaangalia.

Fanya hivi: 2 yenye mstari haigawanyiki kwa 3, basi ishushe hadi 3 yenye mstari, na ile moja uliyoshusha irudishe upande wa desimali. Inakuwa 3 (mstari juu) + 1.5416. Gawa kila upande kwa 3: 1 (mstari juu) na 0.5139. Antilogi ya 0.5139 ni 3.265, rudisha nukta, jibu 0.3265. Hakiki kwa kichwa: 0.3 mara tatu yenyewe ni 0.027, tupo jirani. Sekunde tano tu, na zinaokoa swali zima.

Zile dakika 10 za ukokotoaji mtupu alizosema Mwalimu zitumie hivi kwa wiki mbili: kusoma logi 10 kwenye jedwali, antilogi 5, kugawa logi yenye mstari juu 5. Namba tu, bila swali. Mwanzoni zitazidi dakika 10. Zikianza kushuka, ongeza sehemu na desimali. Na kikokotoo cha simu kiwe mbali kabisa, hata cha kuhakikia. Mkono uliozoea simu hausomi jedwali.

Jedwali nalo lijue kama nyumba yako. Weka kijikaratasi kwenye logi, antilogi, saini, kosaini wakati wa mazoezi, kisha kitoe mwezi mmoja kabla, ili vidole viwe vinajua ukurasa. Ndani ya chumba cha mtihani huwezi kuingia na jedwali lenye vikaratasi.

Kitu kingine kidogo: mwezi wa 11 huku kwetu mvua zinaanza, na bati likipigwa na mvua husikii hata msimamizi akitangaza muda. Jumapili moja au mbili fanyia pepa mahali penye kelele.

---

KijanaWaUyole

Ndaga fijo dada, hiyo ya kushusha 2 hadi 3 sikuwahi kuelezwa hivyo. Sasa lingine: swali la grafu la kutafuta faida kubwa. Najua kulifanya lakini halijawahi kunipungukia nusu saa. Niliache kabisa?

---

MwlWaTukuyu

Usiache alama 10 ambazo hatua zake hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Nusu saa inaliwa na grafu, tena kwa sababu rula inashikwa kabla ya kupata namba. Tulifanye moja.

Mkulima ana ekari 10 za kupanda viazi na mahindi. Ekari ya viazi inataka mtaji wa shilingi 600,000, ya mahindi 300,000, naye ana shilingi 4,200,000. Faida ni 500,000 kwa ekari ya viazi na 300,000 kwa ya mahindi. Apande ekari ngapi za kila zao?

Dakika 2 za kwanza: andika herufi zako. x ekari za viazi, y ekari za mahindi. Usiruke, huo mstari una alama yake.

Dakika 3: masharti. x + y ≤ 10. La mtaji ni 600,000x + 300,000y ≤ 4,200,000. Gawa pande zote kwa 300,000 hapohapo, linakuwa 2x + y ≤ 14. Asiyegawa anachora mstari wa mamilioni. Kisha x ≥ 0 na y ≥ 0. Hayo mawili ndiyo yanayosahaulika kuliko yote, maana yanaonekana kama hayana kazi. Malizia na faida: 500,000x + 300,000y.

Dakika 6 za grafu, na kabla ya kugusa karatasi ya grafu pata namba nne. Mstari wa kwanza unakata (10, 0) na (0, 10). Wa pili unakata (7, 0) na (0, 14). Namba kubwa kabisa ni 14, basi skeli yako ni sentimita 1 kwa ekari 1, pande zote mbili, imeisha. Watu wanachora mihimili, wanafika 10, wanagundua 14 haiingii, wanafuta, karatasi inachanika. Hapo ndipo dakika 8 zako zinapokwenda. Kuhusu kivuli, chagua njia moja, kutia kivuli upande usiotakiwa, uifuate maisha yako yote ya mazoezi, na uandike pembeni kwamba eneo jeupe ndilo jibu.

Dakika 3: pembe. (0, 0), (7, 0), (0, 10), na pale mistari inapokatana. Hiyo ya mwisho usiisome kwa jicho. Toa mlinganyo mmoja kwenye mwingine: (2x + y) − (x + y) = 14 − 10, x = 4, y = 6. Grafu iwe ya kuthibitisha tu.

Dakika 2: jedwali la faida. (7, 0) inatoa 3,500,000. (0, 10) inatoa 3,000,000. (4, 6) inatoa 2,000,000 + 1,800,000 = 3,800,000. Andika sentensi kamili: apande ekari 4 za viazi na 6 za mahindi. Ukiishia kwenye namba bila sentensi hujajibu ulichoulizwa.

Jumla dakika 16. Mazoezi yake yavunje: siku tatu fanya maswali matano ya aina hii bila kuchora, ishia kwenye masharti na namba nne za kukata mihimili. Siku ya nne ndiyo uchore mawili. Mchoro ukishajua namba zake haukawii.

---

Kalulu_Mafinga

Naongezea la Jumapili. Pepa zima moja kwa wiki linatosha, lisizidi. Na liwe saa ileile ya mtihani, kwa saa ya ukutani au ya mezani. Simu ikihesabu kurudi nyuma inakuzoesha kitu ambacho hutakuwa nacho ndani ya chumba. Umeme ukikatika usisimamishe saa, washa taa yako uendelee.

Tumia pepa zenye maswali 14. Za zamani zaidi zina maswali 16, na Sehemu B yake ni kuchagua 4 kati ya 6; hizo ni nzuri kwa swali mojamoja, ila kwa kupima pepa zima zitakudanganya. Kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani) kuna pepa za nyuma na pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure. Zile taarifa zinaonyesha majibu ya watahiniwa wenyewe, mazuri na mabaya, swali kwa swali. Printi kurasa za mada zinazokusumbua tu, usiprinti yote, hela itaisha steshenari.

---

KijanaWaUyole

Na siku nikirudi kwenye zile dakika 12 za mwisho, nikute mapengo manne, nianze na lipi?

---

MwlWaTukuyu

Lile ambalo tayari lina mistari. Kipengele kilichoandikwa nusu kinahitaji dakika 2 au 3 kufika kwenye jibu, kitupu kinahitaji 5. Ukifunga hivyo viwili au vitatu, muda uliobaki uweke kwenye vitupu: andika kanuni, weka namba zilizotolewa ndani yake, hata kama hufiki mwisho. Kazi inasahihishwa kwa hatua. Na usikate kazi ya mwanzo kabla hujaandika mbadala wake. Ukikata halafu msimamizi akaita muda, umebaki huna ile wala hii.

Jumapili hii fanya Sehemu A peke yake, dakika 12 kila swali, saa 2 kamili. Lete hapa ule mstari wa pembeni tuuone.